Uanaume na Murua: Nasaha kwa Vijana na Wazazi



Mwaka jana, baada ya mavuno ya maharage, alinifikia nyumbani mzee mmoja aliyetoka Ngara kwa basi la alfajiri. Alikaa mkekani, akanywa maji, kisha akanipa simu nisome. Ilikuwa simu ya binti wa ndugu yake, na ndani yake mlikuwa na maneno machache aliyoletewa usiku na mchumba wake: kwamba amesitisha shauri lote, kwamba ndoa ni utapeli, na kwamba asitafutwe. Mahari ilikwisha kutolewa, siku ya nikahi ilikwisha kutajwa, na mshenga aliyekwenda kumposea kijana yule nilikuwa mimi.

Sina haja ya kueleza haya niliyoyaona mbele ya mzee yule. Kijana mwenyewe namjua tangu alipokuwa hajui kushika kalamu. Alihitimu juzuu zake mbele yangu, na leo anaendesha pikipiki ya abiria Nyakanazi, katika wilaya yetu ya Biharamulo, pale zinapokutana barabara za Kahama, Kigoma na Rusumo. Siku ya pili nikamfuata huko. Nilimkuta kijiweni na wenzake, akaniamkia kwa adabu kama desturi yake, tukaingia katika kibanda cha chai.

Nikamwambia, "Mwanangu, nimekuja kuuliza kosa la yule binti."

Akajibu, "Maalim, binti hana kosa. Kosa ni ndoa yenyewe. Mwanamume siku hizi akioa amejitia kitanzi."

Kisha akatoa simu yake, akanisikilizisha. Nilikaa zaidi ya saa moja nikisikiliza watu nisiowajua wakimfundisha mwanafunzi wangu maana ya uanaume. Niliyoyasikia siku ile, na niliyoyauliza na kuyasoma baadaye, ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya, kwani naamini kijana yule si peke yake, na huenda simu iliyo katika nyumba yako, msomaji mtukufu, yasema maneno hayo hayo usiku huu.

WATU HAWA NI NANI?

Kwetu Tanzania mwito wao unajulikana kwa maneno mawili tu: kataa ndoa. Umeenea katika JamiiForums na katika mitandao mingine, na wenye kuufuata hukutana humo kama watu wakutanavyo barazani, ila baraza hili halina mlango wala mzee wa kuliongoza. Mmoja husimulia alivyoachwa, wa pili husimulia alivyodanganywa, wa tatu hutoa hukumu juu ya wanawake wote wa dunia, na maelfu husoma kimya.

Jirani zetu wa Kenya walitangulia. Huko kilitokea chama kilichojiita Maendeleo ya Wanaume, jina lililogeuzwa kutoka lile la Maendeleo ya Wanawake, chama cha kina mama kilichoanza mwaka 1952. Mwenyekiti wake, Bwana Nderitu Njoka, alijulikana kwa kusema hadharani kwamba wako waume wanaopigwa na wake zao na hakuna awasikilizaye. Baadaye akaja Bwana Eric Amunga, ajulikanaye kwa jina la Amerix, ambaye kila Jumamosi huwafundisha wanaume uanaume katika mtandao, na wafuasi wake ni wengi hata upande wetu wa mpaka.

Lakini chimbuko la fikira hizi liko mbali zaidi, Marekani na Ulaya. Huko husema kwamba mwanamume aliyezinduka "amemeza kidonge chekundu", msemo walioutoa katika sinema moja ya mwaka 1999 iitwayo The Matrix. Huwagawa wanaume mafungu mawili: "alfa", yaani dume litawalalo, na "beta", yaani dume lililoshindwa. Wako miongoni mwao waliokata tamaa kabisa, wakaufanya upweke wao kuwa chuki. Katika mji wa Toronto, Kanada, mwezi wa Aprili 2018, kijana mmoja mwenye fikira hizo aliendesha gari juu ya watu waliokuwa wakipita njiani, akaua 10 siku ile. Simsemi kijana wetu wa Nyakanazi kwamba ni kama huyo, hasha. Nasema tu kwamba maji yanywewayo huku bondeni yafaa kuulizwa yatoka chemchemi gani.

LILILO KWELI KATIKA MANENO YAO

Yatupasa kufanya insafu. Mtu hasikilizwi na maelfu kwa uwongo mtupu. Wako wanaume wanaoteswa majumbani, na aibu huwafunga mdomo, kwa kuwa mwanamume akisema amepigwa na mkewe huchekwa. Wako waliofanya kazi migodini miaka mingi, wakituma fedha nyumbani, wakarudi wakakuta fedha hazipo na mlango umefungwa. Wako vijana waliotajiwa mahari wasiyoweza kuikusanya hata wakiendesha pikipiki miaka mitano bila kula, kisha juu ya mahari wakaongezewa ukumbi, sare za sherehe na keki, kana kwamba nikahi haitimii bila mambo hayo.

Haya nani aliyafanya? Si binti wa watu. Ni sisi wazee. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwozesha mtu asiyekuwa na hata pete ya chuma, mahari yake ikawa ni Kurani aliyoihifadhi. Nasi twamjua Mtume huyo na twamsalia kila siku, kisha mchumba akija twakaa na kalamu na karatasi kama wauza ng'ombe mnadani.

Nami nina kosa langu, nalo nitalisema, maana mwenye kunasihi wenziwe akijificha hana baraka. Miaka miwili kabla ya mambo haya, kijana yule yule alinijia baada ya sala ya Ishaa. Ndoa ya kaka yake ilikuwa imevunjika, na kaka mtu ameondoka katika nyumba aliyoijenga akiwa na begi moja tu. Aliniuliza, "Maalim, je, hiyo ni haki?" Nilikuwa nimechoka. Nikamjibu kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, akasome Yasini, akalale. Yeye akaenda na swali lake, na simu ikamjibu. Nimelikumbuka jibu langu lile mara nyingi.

LILILO UWONGO

Basi na tulijibu leo swali lile, ingawa tumechelewa.

Kwanza, wasema kwamba sheria ya nchi humpa mke nusu ya mali ya mume mara tu waachanapo. Si kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, haitaji nusu. Yaiambia mahakama itazame mali iliyochumwa na wawili hao kwa juhudi zao za pamoja, na ipime mchango wa kila mmoja, uwe wa fedha, wa mali au wa kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Bwana Ally Sefu, shauri litajwalo na mawakili hata leo. Mahakama ilisema kwamba kupika, kulea na kutunza nyumba ni mchango wa kweli katika mali ya ndoa. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupewa sehemu ya nyumba, kwa sababu ilionekana kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha shughuli ya kuwafaa wote, naye akazifuja. Je, hiyo ni mahakama iliyoapa kuwanyang'anya wanaume? Hiyo ni mizani, na mizani haimwogopi ila yule aliyepunja.

Tena, sheria hiyo hiyo haikubali shauri la talaka, isipokuwa kwa sababu maalumu, mpaka wenye kugombana wapitie kwanza baraza la usuluhishi wa ndoa. Nasi Waislamu twajua kwamba Kurani, katika Suratu An-Nisaa aya ya 35, ilikwisha kutuamrisha tuteue mwamuzi kwa jamaa za mume na mwamuzi kwa jamaa za mke. Kaka wa kijana wetu hakwenda barazani wala mahakamani, wala hakuwaita waamuzi. Aliondoka usiku kwa hasira, na hasira ndiyo iliyomnyang'anya haki yake.

Pili, hayo maneno ya alfa na beta. Asili yake ni mbwa mwitu wa nchi za baridi. Mwaka 1947 mtaalamu aitwaye Rudolf Schenkel aliandika habari za mbwa mwitu aliowatazama wakiwa kifungoni katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi, akaona wakipigania ukubwa. Mmarekani aitwaye David Mech akaieneza fikira hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech huyo huyo aliendelea kuwachunguza wanyama hao porini, wakiwa huru, na mwaka 1999 akatangaza kwamba mambo si hivyo. Kundi la porini, alisema, kwa kawaida ni familia: baba, mama na watoto wao, na wakubwa wa kundi ni wazazi wenyewe. Basi tazama, ewe kijana: hata mnyama aliyefanywa mfano wa ubabe ni mlezi awindaye ili watoto wake wale. Waliopigana ni wale waliofungiwa pamoja pasipo jamaa wala kazi.

Tatu, wako watumiao dini yetu kuipamba biashara yao. Mwingereza mwenye asili ya Marekani, Andrew Tate, alitangaza kusilimu mwezi wa Oktoba 2022, na vijana wengi wa Kiislamu wakafurahi mno. Kuingia kwa mtu katika Uislamu ni jambo la heri, na yaliyo moyoni mwake ni ya Mola wake. Lakini kusilimu ni kuingia mlangoni, si kupanda mimbari. Mtu huyo mwenyewe alikwisha kueleza kwamba alipata utajiri kwa wasichana waliojionyesha katika kamera kwa malipo, na vijana aliowaahidi kuwafundisha utajiri aliwatoza karibu dola 50 kila mwezi. Mwaka 2023 alishtakiwa nchini Romania kwa makosa ya kusafirisha watu na ubakaji, mashtaka ambayo ameyakana. Hukumu tunawaachia mahakimu. Sisi twauliza swali la wazazi: je, ungempa huyo binti yako amlee? Ikiwa hapana, mbona wampa mwanao?

USIMAMIZI NI MZIGO

Walimu hawa wa mtandao huipenda sana aya ya 34 ya Suratu An-Nisaa, itajayo usimamizi wa wanaume. Huisoma mpaka mahali pawafaapo, wakanyamaza. Aya hiyo imeufunga usimamizi pamoja na matumizi ambayo mwanamume huyatoa katika mali yake. Na aya ya 19 ya sura hiyo hiyo yaamrisha kukaa na wake kwa wema, hata pale mume asipompenda mkewe. Msimamizi ni mtu wa mwisho kula na wa kwanza kuamka. Atakaye cheo akatupa mzigo ni kama mchukuzi adaiye ujira na gunia amelitelekeza njiani.

Kupiga nako wakufanya ni dawa ya mwanamke. Mama yetu Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, amepokewa akieleza kwamba Mtume hakumpiga mwanamke kwa mkono wake kamwe. Amepokewa tena akieleza kwamba alipokuwa nyumbani alikuwa katika kazi za watu wake, na wakati wa sala ukifika akatoka kwenda kusali. Bibi Khadija alikuwa tajiri na mfanyabiashara, Mtume akamsafiria kwa biashara yake, na yeye Khadija ndiye aliyeanza kupeleka salamu za posa. Kwa kipimo cha walimu wa mtandao, hayo yote ni unyonge. Na asiyeona aibu kusema hivyo na aseme!

Katika nchi yetu, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 hadi 2016 ulionyesha kwamba wanawake 4 katika kila 10, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, walikwisha kupigwa au kuumizwa mwili tangu walipofika miaka 15. Twataka kuongeza idadi hiyo, tuite uanaume?

Lipo jambo jingine, nalo nitalisema kwa haya lakini nitalisema. Wengi wa hao waliokataa ndoa hawakukataa wanawake. Wamekataa nikahi, mashahidi na matumizi tu. Matokeo twayaona katika vijiji vyetu: mtoto amezaliwa, baba ni namba ya simu isiyopatikana, na bibi mzee ndiye alimaye mihogo ya kumlisha. Mtu wa namna hiyo hakuukwepa mzigo, ameutua juu ya kichwa cha mwingine. Asiyekuwa na uwezo wa kuoa, Suratu An-Nur yamtaka ajizuie mpaka Mwenyezi Mungu amtajirishe, na Mtume amemwelekeza kwenye saumu. Hiyo ndiyo njia ya mwanamume maskini, nayo haina aibu hata kidogo.

MANENO "MURUA" NA "MTU MUME"

Katika lugha yetu tunalo neno zuri, murua. Tukisema kijana ana murua, twamaanisha ana adabu, heshima na tabia ya kupendeza. Asili yake ni Kiarabu, na huko limetokana na neno lenye maana ya mtu mume. Kwa hiyo waliotutangulia walipotaka kutaja uanaume uliokamilika, walitaja tabia njema. Na Mtume alipoulezea ushujaa alisema kwamba mwenye nguvu si yule awaangushaye watu kwa mweleka, ni yule aizuiaye nafsi yake anapoghadhibika.

Niruhusuni nitaje niliyoyaona ujanani mwangu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa siku moja hivi, wakaja Benaco, Ngara. Nilikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda kusaidia kuchota maji. Katika umati ule niliona wanaume wenye nguvu wakiwasukuma vizee ili wapate nafasi penye maji. Na nilimwona mmoja, mwembamba, hana viatu, amembeba mgongoni mama mkwe wake, na mkononi ameshika ndoo ya mtoto. Alipofika kwenye maji alimnywesha mkwewe kwanza, kisha mtoto, kisha mkewe, na yeye akanywa yaliyobaki. Sikuuliza kabila lake wala dini yake. Lakini kila nisikiapo watu wakibishana juu ya uanaume, humkumbuka yule.

NASAHA

Ewe kijana, uliza kila mtu akufundishaye kwa simu maswali matatu: Anaishi na nani? Nani anamwita baba? Je, anapata fedha kwa wewe kupona, au kwa wewe kuendelea kukasirika? Suratu Al-Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuzifuata, na ikatukataza dhihaka na dhana mbaya. Kusema kwamba wanawake wote ni matapeli ni dhana iliyowakusanya mama yako, dada zako na binti uliyemposa. Na ukiwa umedhulumiwa kweli, sema. Nenda kwa wazee, nenda barazani, nenda kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, ambalo kazi yake ni kuwasikiliza wanaume pia.

Enyi wazazi, punguzeni mahari na sherehe. Waulizeni wana wenu habari zao kama muwaulizavyo mabinti. Baba asiyezungumza na mwanawe ila kwa amri ameliacha shamba lake bila mlinzi.

Enyi mabinti na kina mama, mume akikupa amana, ichunge. Kila fedha ifujwayo kwa hila huwapa wasemaji hawa kisa kipya cha kusimulia miaka kumi.

Nasi walimu, tusiwape vijana Yasini mahali pa jibu. Tuwape Yasini, na jibu tuwape pia.

MWISHO WA KISA

Wiki moja baada ya kuonana na kijana yule, mzee wa Ngara alirudi kwangu na bahasha. Binti mwenyewe ndiye aliyeifunga. Alisema kwamba nikahi haikupita, basi mahari si halali yake, na hataki kuomba kuolewa. Tulizihesabu mbele ya mashahidi wawili: shilingi laki nane, hakuna noti iliyopungua.

Nikazipeleka Nyakanazi. Kijana alizipokea, akazihesabu, akazihesabu tena. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu ndiye tapeli uliyemkimbia." Hakunijibu. Aliinama muda mrefu, malori yakipita, mpaka chai yake ikapoa.

Baada ya miezi miwili alinijia usiku, akaniomba niende tena Ngara kumwombea. Nikakataa. Nilimwambia, "Nitafuatana nawe, lakini safari hii utasema wewe mwenyewe, mbele ya baba yake, kwa kinywa chako, maana kwa simu ulikwisha kusema." Tukaenda. Alisema, sauti ikimtetemeka, na hakujitetea. Baba wa binti alisikiliza mpaka mwisho, akasema jibu si lake bali ni la bintiye, na binti ameomba muda.

Mpaka niandikapo haya jibu halijaja, wala sijui litakuwa lipi. Lakini siku ile niliposimama nyuma ya mwanafunzi wangu, akiomba radhi mbele ya watu aliowavunjia heshima, niliona kwa mara ya kwanza kwamba ameanza kuwa mtu mume.

Mwenyezi Mungu awape vijana wetu murua, atupe sisi wazee subira ya kuwasikiliza, na azijaze nyumba zetu mapenzi na huruma. Amin.